Shemeji Mbele ya Kamati

Mdogo wangu,

Huku tu wazima, ila jogoo wetu kakauka sauti, na majirani wanashukuru.

Jana kamati ya nidhamu ya kiwanda ilimwita mumeo kwa utoro. Mimi nilikaa kama mwakilishi wa wafanyakazi.

"Bwana, ulikuwa wapi wiki zote hizi?"

"Kijijini, namuuguza mke wangu. Hainuki kitandani."

Hata mwenyekiti, roho ya jiwe, alipangusa miwani. Kisha akanigeukia: "Wewe shemeji yake, ni kweli?"

Nikaomba muda. Mumeo akanitazama kama nimemchoma kisu.

Simu yako haipatikani. Ukiwa mzima, kazi hana. Niandikie kwa mkono wako mwenyewe. Mungu anisamehe, naomba awe mwongo.

Kaka yako