Shule ya Juu ya Barabara ya Suam

Kitale, 9 Februari 2024

Baba mpendwa,
Mulembe. Mguu unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila kazi ni nyingi. Naandika kwa sababu masikio yako yamekataa simu.

Jumapili ya tarehe 18, baada ya kanisa, weka redio karibu kabisa. Nimefanya kipindi kuhusu shule moja mlimani, juu ya barabara ya Suam. Madarasa ni ya udongo, ukuta mmoja umeegemezwa kwa miti. Mwalimu Kemboi anafundisha gredi mbili chumba kimoja, hawa wakitazama mbele, wale nyuma. Msichana wa gredi ya sita, Jelimo, alinisomea insha yake. Kisha akaniuliza, “Watu wakisikia, watatujengea?” Nikamwambia watajenga.

Binti yako,
Dinah

Kabuchai, 20 Februari

Mwanangu Dinah,
Salamu nyingi. Mguu unauma asubuhi tu, jua likitoka unatulia. Mama Rispah wa kanisani alikuja na kiti chake, tukasikiliza pamoja. Huyo msichana anasoma vizuri, hapapariki. Nilifundisha mpaka nikastaafu na hakuna mtu wa redio aliyewahi kufika shuleni kwetu. Nilitoka nje kidogo nikajifanya naangalia ng'ombe.

Baba yako

Kitale, 14 Machi

Baba,
Mulembe. Natumaini mmeanza kupanda. Mimi afya iko, moyo ndio hauko.

Baada ya kipindi, maofisa wa elimu walifika shuleni na gari. Walitazama ule ukuta, wakasema ni hatari, wakafunga shule siku hiyo hiyo. Watoto wameambiwa waende shule ya ng'ambo ya mto. Mwalimu Kemboi amehamishwa. Niliuliza watajenga lini, wakasema ati iko kwa mipango.

Nikamwomba mkubwa wangu, Bwana Ngige, nirudi huko na maikrofoni. Alisema wasikilizaji wamechoka na huzuni. Amenituma Webuye, kwa kipindi cha utalii, nieleze watu pahali pazuri pa kupigia picha maporomoko ya maji.

Dinah wako

Kabuchai, 25 Machi

Mwanangu,
Pole sana. Ulisema ukweli, na ukuta ulikuwa mbovu kweli. Lakini usiwaache hivyo. Omba ruhusa siku moja uende kuwasalimia.

Baba yako

Kitale, 2 Juni

Baba,
Umekuwa kimya, na mimi pia. Natumaini ni mvua tu.

Nilienda. Mto umejaa tangu Aprili na hakuna mtoto anayevuka. Mama yake Jelimo, anaitwa Phelista, alikuwa analima. Nilipomuuliza Jelimo alipo, alinionyesha kwa jembe njia ya kwenda Suam, akaendelea kulima.

Nilimpata Jelimo kwa hoteli moja huko Suam, karibu na mpaka wa Uganda, anaosha vyombo. Nilimwambia ninaweza kumtafutia shule ya bweni. Akasema, “Na wadogo zangu watakula nini?” Alinifutia kiti, akaniletea chai kama mteja mwingine yeyote. Kisha akasema polepole, “Siku ile ulikuja, mama alitukataza kuongea na wewe. Mimi ndiye nilisema tuongee.”

Nililipia ile chai, Baba, nikaondoka.

Sasa kuna mwalimu mwingine, shule nyingine huko huko mlimani. Amesikia kile kipindi. Ananiomba niende Jumatano, paa lao limebomoka. Nimwambie nini?

Dinah

Kabuchai, 8 Juni

Mwanangu,
Barua yako imenikuta kitandani, ni mguu tu, usiogope. Jumatano imeshapita na sijui ulifanya nini.

Tangu ukiwa mdogo ukiniuliza kitu nilikujibu, hata pale nisipokuwa na hakika. Hili nimeliwaza nikilala na nikiamka. Ukienda, pengine wataifunga hiyo shule. Usipoenda, siku moja hilo paa litaangukia watoto. Hili nimekuachia wewe, mama. Nisamehe.

Baba yako

Kitale, 15 Juni

Baba,
Mulembe. Ugua pole.

Sikwenda. Yule mwalimu bado ananipigia. Leo amepiga tena nikiwa studio, natangaza mahali pa kwenda kutembea likizo ya Agosti. Niliitazama simu mpaka ikanyamaza.

Binti yako