Sauti ya Mvua za Kwanza

Mjukuu wangu Kulwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Kagongwa mimi na bibi yako tu wazima. Unauliza kwa nini nakunywa maji hata siku za mvua, bila kiu.

Ujanani nilichimba dhahabu Geita na rafiki yangu Masanja. Tuliamini ukikojoa shimoni dhahabu inakimbia, hivyo hatukunywa maji mpaka tupande juu. Mvua zilipoanza, baridi ikatuondolea kiu, tukayasahau kabisa. Masanja akaanza kukojoa mkojo kama chai ya rangi. Siku moja akaniambia mle shimoni, "Sikia, maji yananiita." Nikapapasa mwamba. Ulikuwa mkavu. Figo zilimuua kabla ya kiangazi.

Tangu hapo, mvua za kwanza zikinyesha, nasikia sauti yake ikiniita. Siitiki. Nakunywa maji, inanyamaza.

Jana imeita jina lako, Kulwa. Kunywa maji.