Mkono wa Kulia wa Mwalimu

Shoga, nimetoka kwa daktari nimeinamisha kichwa kama mwizi wa kuku.

Yale maumivu chini ya kombe la bega, yale niliyokwambia nimerogwa? Kumbe misuli imevimba tu.

Lakini daktari mwenyewe sasa! Ni yule Kichwa Maji niliyekuwa namchapa kila Jumatatu darasa la saba. YULE YULE.

Akabonyeza, nikapiga yowe. Eti, "Mwalimu, huu mkono umeufanyisha kazi gani?"

Nikajibu kuandika ubaoni. Kuandika ubaoni, mimi!

"Kuandika hakuvimbishi hivi. Huu umeinuliwa na kushushwa kwa nguvu miaka mingi."

Akavuta dawa kwenye sindano, kisha akanirudishia maneno yangu mwenyewe: "Geuka, Mwalimu. Ukilia, naongeza."