Mkono Usiotajwa

Dar es Salaam, 4 Novemba 2024

Baba mpendwa,
Shikamoo. Ni matumaini yangu kuwa u mzima, na kwamba mkono uliopooza unaendelea kupata nafuu. Mimi sijambo. Nafurahi kukujulisha kuwa nimekabidhiwa dhamana kubwa: mashine ya sumaku, inayoamsha ubongo bila kupasua kichwa, inaanza kujaribiwa Ifakara. Nusu ya wagonjwa watapata sumaku yenyewe. Nusu, mlio mtupu. Orodha ya nani kapata nini naitunza mimi peke yangu, kwa kiapo cha siri. Utafiti huu ndio utakaonipatia shahada ya uzamivu.
Mwanao,
Dkt. Anselim

Mchombe, 3 Desemba 2024

Mwanangu,
Marahaba. Anayeandika ni dada yako Edna. Maneno ni yangu. Nilitaka kukushtukiza: nimejiandikisha! Kila Jumatatu napanda basi hadi Ifakara, mashine inanilia kichwani tak-tak-tak kama kigong'ota. Jirani yetu Shilinde anaomba alime shamba letu kwa ng'ombe wake. Nimemwambia asubiri, mkono ukiamka nitalima mwenyewe. Nimekosea?
Baba yako,
Fridolin

(Kaka, anasema vidole vinamwasha. Mimi sioni kitu. Edna.)

Dar es Salaam, 6 Januari 2025

Baba mpendwa,
Shikamoo. Uniwie radhi kwa kuchelewa. Natumaini u mzima, pamoja na mama, Edna, mbuzi, na lile paa la jikoni lililokuwa likivuja. Kuhusu Shilinde, naona ni jirani mwema, na mvua haisubiri.
Mwanao,
Anselim

Mchombe, 14 Januari 2025

Mwanangu,
Marahaba. Edna amenisomea barua yako mara tatu. Umeulizia mbuzi, umeulizia hadi paa. Mkono hukuutaja. Tangu nipooze hujawahi kuuruka.
Nimeelewa. Usinijibu.
Shilinde ameshaingiza plau. Akanitania, "Leo Mndamba kamwachia Msukuma shamba?" Nikamwambia, "Lima, acha maneno, na mistari yako inyooke."
Jumatatu nitakwenda tena. Yosefina wa Sanje, ninayekaa naye benchi moja, ameanza kushika kikombe. Nikitoroka mimi wa mlio mtupu, mtajuaje kwamba kilichomsaidia yeye si mlio?
Baba yako,
Fridolin

Dar es Salaam, 3 Februari 2025

Baba,
Shikamoo.
Ulisema nisijibu. Nimechana barua nne, kwa kuwa kila moja ilianza kwa kukuuliza hali. Ya tano ndiyo hii. Ya sita ni ya mkuu wa utafiti, kumweleza kwamba siri ya orodha imevuja, na aliyeivujisha ni mimi. Nimeifunga, iko mezani wiki ya pili sasa. Kila asubuhi naisogeza kidogo, nipate pa kuweka chai.
Mwanao