Beringi Uliyoikataa

Dada yangu Zuhura,

Arubaini yako imesomwa leo. Wageni wameondoka, masufuria yameoshwa, nyumba ya Harrow tumebaki mimi na binti yako Salma. Nina habari, na habari zangu nimezoea kukupa wewe kwanza.

Unakumbuka tulivyoingia karakana ile ya Wembley, hapa London? Mapinduzi yalikwisha kupita, baba kachukuliwa Unguja hakurudi, mama mgonjwa, sisi tumevaa makoti ya kuazima. Tukapewa kazi ya kufunga vipuri vya ndege za jeshi, zile zinazobeba rada tumboni ili zimuone adui angali mbali. Ukaninong'oneza, "Sisi hakuna aliyetuonya, Asha. Hawa waonywe."

Halafu ile asubuhi mkokoteni ulipopinduka. Beringi ya kuzungushia antena ya rada ikaanguka sakafuni. Msimamizi akaiokota, akaipangusa kwa mkono wa shati.

"Haina hata mkwaruzo. Funga, lori linasubiri."

"Imeanguka kwenye saruji," ukamwambia. "Sifungi mpaka ipimwe."

"Utafunga, au utakwenda kwenu."

Ukavua aproni, ukaikunja vizuri. "Kwetu mbali. Nitakwenda Harrow."

Nami nikavua yangu. Ndani ya treni nilikushika mkono mpaka tukashuka. Nyumbani mama akatutilia chai.

Baridi ile tuliishi kwa kukaanga sambusa za kuuza, na hukusema hata mara moja kwamba umejuta. Kisha msimamizi akaja mwenyewe mlangoni, kofia mkononi.

"Rudini. Ile beringi haikwenda na lori."

"Ilikuwa na ufa?" nikamuuliza.

"Hatukuipima. Tuliitupa."

Nilitaka kumjibu, ukanikanyaga mguu. Ukamkaribisha ndani, ukampa sambusa. Baada ya miaka ukawa mkaguzi mkuu, na hata wanaume waliokuwa wakikucheka wakawa hawafungi sanduku bila ya wewe kulitazama.

Dada, nafasi yako imekaa wazi tangu ulipolazwa. Juzi meneja aliniita. Wengine walikwisha kumwambia kwamba akiniweka mimi mahali pako, kazi itachelewa. Nikamjibu, "Kweli, siku nyingine itachelewa. Kama hilo hulitaki, mtafute mwengine." Akanipa mkono, nafasi ikawa yangu.

Nakulilia bado. Jikoni nakuita, halafu nakumbuka. Lakini Jumatatu naingia kazini, na sendi kukaa kimya kwenye kiti chako. Salma kaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama naogopa. Nikamwambia naogopa sana, na nakwenda.

Juu ya bahari ya baridi wamo watoto wa watu ndani ya ndege hizo. Majina yetu hawayajui, wala sina haja wayajue. Nataka washuke salama, wakale na mama zao.

Lala, dada. Mungu akutilie nuru kaburini.

Mdogo wako,
Asha