Idi Alipoulizwa Mama Yake Ni Nani

Mama yangu,

Shikamoo. Naanza na goti lako, maana najua ukiulizwa hali utajibu alhamdulillahi hata ukiwa huwezi kuinuka kitandani. Linakusumbua bado? Kaka Hamisi ameniambia ungali unaamka alfajiri kukanda unga wa mahamri ukiwa umesimama wima kama askari wa gwaride. Mama, kaa kwenye kiti. Wateja wa Ziwani hawawezi kujua kama aliyeukanda alikuwa amesimama au ameketi. Sisi huku tu wazima wa mwili. Salma amerefuka mpaka suruali zote zimemwacha vifundoni, na Idi ameng'oka meno ya mbele, akitamka "sambusa" anakuogesha mate.

Utashangaa kwa nini nakuandikia barua kama watu wa zamani, na kila Jumapili tunaongea. Ni kwa sababu simu yako unaiweka spika, na Bi Mwanaisha jirani hujua habari zangu kabla yako. Na huku kwangu hata nikinong'ona jikoni, Salma anasikia. Hili nataka ulisikie peke yako. Anayekuletea barua ni Mariamu, mwenzangu wa kazini, yuleyule aliyekuja kwako kuwachukua watoto akaniletea salama. Vaa miwani usome mwenyewe. Usimpe Hamisi.

Ni habari ya safari yetu ya Florida. Unajua niliwaahidi watoto tangu hawajaja kwamba nitawapeleka kwenye ile bustani kubwa ya mabembea, yenye treni inayopinduka kichwa chini miguu juu. Kule kwa wazee ninaowahudumia nikapewa likizo fupi, nikasema ni sasa au basi. Nikachukua chumba katika hoteli iliyo mbali na bustani, kwa sababu zile za ndani ni za watu wengine kabisa. Mwenye hoteli akanihakikishia kuna basi lao la asubuhi linalofikisha wageni mpaka langoni. Ukilikosa, umelikosa. Huku barabara hazina hata pa kukanyaga anayetembea kwa miguu, na usidhani utapunga mkono pikipiki isimame.

Basi asubuhi ile nilikuwa na moyo juu tangu nilipofungua macho. Idi hakutaka viatu, alitaka ndara. Salma alikuwa tayari mapema, amekaa ukingoni mwa kitanda, kimya. Huo ukimya wake wewe huujui, kwa sababu kwako alikuwa kasuku. Kwangu mimi hazungumzi mpaka aulizwe. Idi ananiita Zuhura, kama alivyokusikia wewe na Hamisi mkiniita kwenye simu, nami sijawahi kumkataza, maana nilimwacha akiwa bado wa mgongoni. Mama ni wewe. Lakini Salma aliwahi kuniita Mama akiwa mdogo, kwa hiyo siku hizi hana la kuniita. Huzungusha maneno ili asilazimike kutaja lolote. "Chai iko tayari?" "Mlango ufungwe?" Nimezoea, lakini kuzoea si kutoumia.

Tulilipata basi. Lilikuwa limejaa, nikabahatika kupata kiti kimoja, watoto wangu wakabanana kwenye kingine mbele yangu. Kituo kilichofuata akaingia mwanamke kijana, mtoto mchanga amemfunga kifuani, mkoba begani, na kasichana kadogo kamemshika suruali. Hakuna aliyemwangalia. Basi likaondoka kabla hajapata pa kushika, likakata kona, kale kasichana kakapepesuka mpaka kwangu.

Mama, ungefanya nini? Nilifanya lilelile. Nilikadaka chini ya makwapa nikakaweka mapajani, nikakaambia, "Njoo hapa mwanangu usianguke," kwa Kiswahili. Hata uso wa mama yake sikuutazama. Kwetu nani hutazama? Ukipanda na mtoto, kabla hujashika chuma mtoto keshapakatwa na mtu usiyemjua, nawe unashukuru Mungu kwa kupumzisha mikono. Wewe mwenyewe si uliwahi kumpakata mtoto wa watu kutoka mjini, ukateremka naye Ziwani, mama yake akakufuata mbio huku anacheka? Tulikutania mwaka mzima.

Huyu hakucheka. Alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia tangu nizaliwe. "Mwache mtoto wangu! Amemnyakua mtoto wangu!" Mtoto naye, kwa kusikia mama yake analia, akalia. Nikamwachilia mara moja. Nikainua mikono juu, sijui nani alinifundisha kuinua mikono juu. Dereva akafunga breki, akaja kusimama juu yangu. Nikafungua kinywa kueleza na Kiingereza chote kikanitoroka. Kilichobaki ni "sori, sori, sori," kama mwizi aliyekamatwa na kuku mkononi. Abiria mmoja alikuwa ameshatoa simu ananirekodi.

Tulipofika langoni walinzi walikuwa wanatungoja, dereva alishawaarifu. Wengine wote wakashuka wakaenda zao kwenye mabembea. Sisi tukapelekwa pembeni, kwenye benchi nyuma ya kibanda. Yule mwanamke alisimama mbali kidogo amewakumbatia wanawe. Mlinzi mkuu alikuwa mama wa makamo, mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Akaniuliza jina. Akaniuliza natoka wapi. Nikamweleza kwamba kwetu mtoto akiyumba kwenye gari, aliyeketi humpakata. Akaitikia kwa kichwa, kama ninavyowaitikia wazee wangu wa kazini wakiniambia wanangoja treni chumbani.

Kisha akawatazama Salma na Idi. "Na hawa ni wako?"

"Wangu," nikasema.

Akachuchumaa mbele ya Idi. Wewe unamjua Idi, hajui kuogopa wala kudanganya. Akamuuliza, "Huyu mama ni nani?"

"Zuhura," Idi akajibu.

"Ni mama yako?"

"Hapana," akasema, tena kwa Kiingereza kizuri cha shuleni. "Mama yangu yuko nyumbani. Anapika mahamri."

Yule mlinzi hakushtuka, hakunigombeza. Alisimama taratibu, akamshika Idi mkono, akamwambia na Salma asogee naye upande ule mwingine, akasema maneno machache kwenye redio yake. Mwenzake akaja kusimama kati yangu na wanangu. Nilipopiga hatua aliunyosha mkono, bila kunigusa, akaniambia nibaki pale nilipo. Nikaanza kulia. Nilikuwa naona kila kitu kinaniponyoka, miaka yote ile ya kuosha migongo ya wazee, kibali cha kuwaleta, ule mlango wa uwanja wa ndege walipotokea na Mariamu. Nilijua wakiondoka pale na watu wa serikali, kuwarudisha itakuwa kazi ya kufa na kupona.

Mlinzi akamgeukia Salma. "Wewe ni mkubwa. Niambie ukweli. Huyu ni nani kwako?"

Salma akanitazama. Halafu akatazama viatu vyake. Mama, alinyamaza. Alinyamaza mpaka nikasikia ile treni ya juu inapita na watu wakipiga kelele za furaha, ikazunguka, ikapita tena. Nilitaka kumpigia kelele, sema, mtoto wewe, sema! Lakini nikajiuma ulimi, kwa sababu ningemwambia la kusema wangedhani nimemfundisha.

Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo, "Ni mama yetu. Ndiye aliyetuzaa. Huyu ni mdogo, anamwita bibi yetu Mama."

"Mbona umechelewa kujibu?"

"Niliogopa."

Waliniomba uthibitisho. Pasi na vyeti vya kuzaliwa vilikuwa hotelini, lakini nilikuwa nimevipiga picha kwenye simu, na Salma ndiye aliyezitafuta akamwonyesha mlinzi. Wakasoma, wakapiga simu, wakasoma tena. Kisha yule mlinzi akaniambia yameisha, ila nisimguse tena mtoto nisiyemjua. Nikaitika ndiyo, afande. Sijui kwa nini nilisema afande. Yule mwanamke alipita na wanawe bila kunitazama, na sikumlaumu. Pengine kwao hakuna aliyewahi kumpokea mtoto.

Tuliingia bustanini. Idi alipanda kila kitu kilichoruhusu urefu wake, akala barafu mpaka kwenye nyusi. Mimi nilikuwa natembea tu. Lakini ndani yangu kulikuwa na furaha niliyoificha, nitakuambia ukweli. Nilikuwa narudia maneno ya Salma. Ni mama yetu. Ndiye aliyetuzaa. Tulipokuwa kwenye foleni ya treni, Idi ananing'inia kwenye chuma, nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Asante kwa vile ulivyosema pale."

Hakugeuka. Akasema, "Nilikuwa nataka kusema si wewe."

Nikamuuliza, taratibu, kwa nini basi hakusema.

"Ningesema hivyo wangekubeba. Alafu nani angeturudisha kwa Mama? Idi hajui kitu, na mi sijui hata njia ya airport." Ndipo akanigeukia, macho makavu kabisa. "Kwani hujapata tiketi bado?"

"Tiketi gani?"

"Za kurudi. Mama alisema ni holide tu. Kila Jumapili anasema tukae poa, unazitafuta."

Foleni ikasonga. Nikasonga. Tukapanda ile treni, ikatupindua kichwa chini, watu wote wakapiga mayowe, na mimi nikapata nafasi ya kupiga langu bila kuulizwa.

Sasa nimeelewa. Nimeelewa kwa nini Hamisi aliniambia hawakulia uwanja wa ndege. Nimeelewa kwa nini Salma hajawahi kutoa nguo zake kwenye sanduku, nami nikimsifu kwa unadhifu. Na kila Jumapili mkishaongea, namna anavyonitazama kana kwamba nina kitu nimemfichia.

Nimekukasirikia. Nikuandikie hivyohivyo bila kuzunguka. Usiku ule hotelini nilitaka kukupigia na kusema maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake. Ulinisikia nikihangaika na karatasi za kuwaleta, ukaniombea dua kila sala, na huku ukawaambia wanakuja kutembea. Miezi yote hii nimekuwa nikipika, nikisuka nywele, nikisaidia hesabu za shule, nikidhani nikizidisha mapenzi watanizoea. Kumbe wao wapo stesheni wanangoja safari.

Lakini hasira haikukaa. Nilikuona moyoni ukiwafungia masanduku. Umewalea tangu mmoja hajaota jino, umewatoa homa, umewapeleka madrasa na mvua, halafu mimi napiga simu nasema walete. Ungewaambiaje kwaheri? Mimi mwenyewe nilipoondoka ulinisindikiza ukizungumza habari ya bei ya sukari, mpaka getini. Wewe kwaheri huiwezi. Nimekujua hivyo maisha yangu yote, na bado sikukumbuka kukuuliza umewaambia nini.

Siwezi kuwaambia mimi. Nikimwambia Salma kwamba hakuna tiketi, atajua jambo moja tu, kwamba nimewaiba kwako. Hatanisamehe, na Idi atafuata atakalosema dada yake. Lazima litoke kinywani mwako.

Nisalimie kaka Hamisi, mwambie mbuzi wake wa soko la Kiamaiko wasimnyime muda wa kuoa. Msalimie Bi Mwanaisha jirani yetu mpendwa, lakini Jumapili hii, kwa hisani yake, akaketi kwake. Msalimie ustadhi wa madrasa, mwambie Idi bado anasoma Yasini bila kuangalia, ila huko mwisho anakimbia. Na shangazi wa Eastleigh mwambie buibui alilonishonea bado nalivaa.

Tutapiga Jumapili baada ya sala yako ya adhuhuri. Waambie kwamba hawarudi, isipokuwa kukutembelea. Waambie wewe ndiye uliyekubali waje, na kwamba hujawachoka. Sema kwa maneno yako, hata ukianza na sukari, mradi ufike. Watalia, Mama. Salma atakuambia ulidanganya. Nami nitakuwa palepale na sitakuwa na la kuwafaa mpaka umalize. Ninachokuomba ni kimoja: wakilia, usikate simu.

Ni mimi mwanao,
Zuhura, mama wa Salma na Idi.