Madoa ya Rabia

Tangazo rasmi kwa Raia Mama: surua imeingia nyumba hii, mtu asikaribie.

~~Usimwogeshe Rabia.~~ Mwogeshe haraka. Yuko kwa jirani, Mama Delphine. Maharagwe yameiva.

Asubuhi, ukiwa sokoni, alikuja mtu wa tribinali kumpeleka Rabia kwa Baba, kule Kambove, kama hakimu alivyoamua. Nilikuwa nimeshampaka madoa kwa rangi yako ya midomo. Yule bwana alirudi kinyumenyume mpaka barabarani! Lakini saa nane atakuja na muuguzi, na watasema ni wewe uliyemficha mtoto. Nimekimbilia tribinali kuungama.

Mdogo wangu hakuniomba nimpake. Alilia: “Yaya, miye nataka kumuona Baba. Ni weye unaogopa kubaki bila miye.”

Ni kweli, Mama.

Yaya wake,
Aruna